Na Mkewe

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, baba mdogo alikuja kumwombea, akasimama nje. Mvua ya saa nane, ile ya Nyamira ambayo mtu anaweza kuwekea saa yake, ilikuwa imeshaanza. Biblia alikuwa ameisukuma ndani ya koti isilowe, na kichwani amejifunika gazeti. Nilimsihi aingie. Nikamwambia nyumba hii ina sebule, ina viti, siku hizi hakuna anayeyafuata mambo hayo. Akacheka tu, akajibanza upenuni. Mama mdogo, mkewe, ndiye aliyenipita mlangoni. Alivua viatu, akaenda moja kwa moja hadi chumbani alikolala mke wangu, akamchukua mtoto, kisha akafungua dirisha. "Mchungaji," akaita, "tuko tayari." Na baba mdogo, maji ya paa yakimdondokea begani, akaomba kupitia dirishani kwa sauti ya mimbarini hadi jirani wa ng'ambo ya chai akaitikia amina.

Abagusii, watu wetu wa Kisii na Nyamira, wana neno moja kwa jambo hilo: chinsoni. Ni haya, ni heshima, ni mpaka, yote kwa pamoja. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Na kwetu ndugu ya baba ni baba, kwa hiyo mume wa mama mdogo alikuwa baba mkwe wa mke wangu sawasawa na yule aliyenizaa. Mtu aliyekuwa ameketi katika sebule zisizohesabika, aliyewahi kulala katika maboma ya Wakuria na ya Wakipsigis akihubiri, alishindwa na kizingiti changu. Hakuona tatizo lolote. Mahubiri yake yote yalisema kwamba katika Kristo tumekuwa huru, naye akabaki nje katika mvua kama baba yake alivyofanya.

Siku hiyo niliona kichekesho tu. Ilinichukua miaka kuona kwamba nilichotazama pale dirishani ndicho kilichokuwa kazi yenyewe. Mchungaji anayepelekwa kuhudumu katika ukoo wake, au ukoo wowote ambao rika lake linahesabiwa kuwa la baba, hukuta nusu ya nyumba za washiriki zimefungwa kwake. Anaweza kuwazika, kuwabatiza na kuwafungisha ndoa, lakini hawezi kuketi kitandani pa mgonjwa kama mgonjwa huyo ni mke wa mwana. Hawezi kumuuliza mama aliyejifungua maswali yanayopaswa kuulizwa. Kuna maneno ambayo hata akiyajua hawezi kuyatamka mbele yao. Kwa hiyo Gusii yetu, kwa mila zake yenyewe, haikuwahi kuwa mahali pa mchungaji mmoja. Ilihitaji watu wawili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, na wa ndani ndiye aliyekuwa na kazi nyingi zaidi.

Sasa fungua historia yoyote ya misheni uone walivyoandika.

Novemba 1906, Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, kijana wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, walifika Kisumu wakiwa wametumwa na Wasabato. Wakavuka ghuba, wakaweka kituo Gendia karibu na Kendu Bay. Mwaka 1907 mchumba wa Carscallen, Helen Thompson, akasafiri kutoka Uingereza, wakaoana hukuhuku ziwani. Carscallen anakumbukwa kwa sarufi ya Dholuo na kwa mtambo wa kuchapa wa Gendia, uliokuja kuwa Africa Herald Publishing House. Kutoka Gendia kazi ikapanda milimani. Mwaka 1912 I. R. Evanson na mkewe walifungua misheni ya Nyanchwa, kwenye kilima kilicho pembeni mwa mji wa Kisii.

Umeona? Hata mimi nimeandika "na mkewe". Ndivyo sentensi hiyo inavyorithiwa, kutoka ripoti hadi kitabu, kutoka kitabu hadi hotuba ya makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka. Mwanamume ana jina la ukoo na herufi mbili za mwanzo. Mwanamke ana kiunganishi.

Linalonishangaza ni kwamba wenyeji wa mlima huo hawakuwa na mazoea hayo ya kusahau. Januari 1908, miaka minne tu kabla ya Nyanchwa, Omogusii aliyeitwa Otenyo alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni. Northcote alipona, na jeshi likaja kuwaadhibu watu. Muulize mtoto yeyote wa shule ya msingi Kisii ni nani aliyemchochea Otenyo, atakuambia ni Moraa, mwanamke, nabii na mganga. Hakuna mzee aliyewahi kusimulia habari hiyo akasema "Otenyo na mama mmoja". Simulizi la mdomo lilihifadhi jina lake zaidi ya miaka 100. Watu wa karatasi, wenye wino na mashine ya taipu, ndio waliopoteza majina.

Lakini nisiwaonee. Fikiria wenyeji wa Nyanchwa walichokiona mwaka ule. Umbali wa kutembea tu, Nyabururu, mapadri wa Mill Hill walikuwa wameanza kazi mwaka mmoja kabla, wanaume wazima wasio na wake wala watoto. Kwa Omogusii wa enzi hizo mwanamume bila mke alikuwa kijana tu, hata awe na mvi. Halafu hapa Nyanchwa kuna mzungu mwenye mke mmoja, anakula naye meza moja, anatembea naye barabara moja akiongea naye. Hiyo nayo ilikuwa aibu ya namna yake. Mume na mke wetu hawakuwa watu wa kula pamoja hadharani. Kabla mzungu hajafungua kinywa kusema habari ya Sabato, ndoa yake ilikuwa imeshahubiri, na wengine walisikiliza, wengine wakacheka.

Ndoa hiyo pia ilidai gharama. Mwanamume mwenye wake watatu alipotaka kubatizwa aliambiwa achague mmoja. Hao wawili walienda wapi? Kwa Abagusii kila mke alikuwa nyumba, na nyumba ndiyo iliyokuwa na shamba, ng'ombe na warithi. Kumwacha mke ilikuwa kubomoa kitu kikubwa kuliko ukuta. Wako wazee waliokaa nje ya ubatizo maisha yao yote, wakija kanisani kila Sabato, wakiketi benchi la nyuma, kwa sababu hawakutaka kumfukuza mtu. Mimi huwaheshimu sana wazee hao. Na bibi waliovaa ebitinge, zile pete za chuma za kifundo cha mguu zilizomtangaza mwanamke kwamba ameolewa kwa sherehe kamili ya enyangi, walikutana na kanisa lisilopenda mapambo. Pete za miguuni zikaisha. Pete za vidoleni hazikupokelewa badala yake: baba mdogo na mama mdogo walifunga ndoa mwaka 1971 bila pete, na hadi leo vidole vyao ni vitupu. Mgeni asiyejua angedhani ni ndugu.

Walianza kazi mwaka 1972, wakastaafu mwaka 2007. Katika miaka hiyo 35 walihamishwa mara tisa. Barua za uhamisho mama mdogo ameziweka ndani ya sanduku la bati, chini ya vitambaa, na mwaka jana alinitolea zote akazipanga mezani kama mtu anayepanga karata. Zote zinaanza kwa jina la mumewe. Zote zinataja mtaa mpya na tarehe ya kuripoti. Mbili zinataja lori. Hakuna inayomtaja yeye, ingawa yeye ndiye aliyefunga vyombo, akatafuta shule mpya, akauza kuku kwa bei ya hasara kwa sababu kuku hawakupewa nafasi kwenye lori.

Mtaa, kwa msomaji asiye Msabato, ni kundi la makanisa chini ya mchungaji mmoja. Mmoja wa mitaa yao ulikuwa na makanisa 14. Hesabu mwenyewe: mchungaji akizunguka kanisa moja kila Sabato, anarudi pale alipoanzia baada ya miezi mitatu na zaidi. Katikati ya hapo nyumba yake iko wazi kila siku, na aliyemo ni mkewe.

Na nyumba ya mchungaji si yake. Ni ya kanisa, iko katika uwanja wa kanisa, na watu huingia bila kubisha kama wanavyoingia kanisani. Mama mdogo alikuwa na chupa mbili za chai, moja nyekundu, moja ya bluu. Nilikuwa nikikaa kwao likizo za shule, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujifunza tofauti ya chupa hizo. Nyekundu ilikuwa na chai ya maziwa. Ya bluu ilikuwa na maziwa matupu, au uji wa wimbi mwepesi. Wasabato wa zamani, walioushika ujumbe wa afya barabara, hawanywi chai wala kahawa. Na hii ni Nyamira, ambako majani ya chai yanaanzia nyuma ya choo na kuishia upeo wa macho! Watu wanalima chai, wanaichuma, wanalipa karo na kujenga kanisa kwa bonasi yake, kisha mzee wa kanisa anaketi sebuleni akitazamana na shamba lake na kuomba maziwa. Usimmiminie mzee wa namna hiyo kutoka chupa nyekundu. Lakini pia usimpe fundi wa paa, aliyetoka juu akitetemeka, uji wa chupa ya bluu kana kwamba ni mgonjwa. Mama mdogo alijua kila mtu ni wa chupa gani, pamoja na wale wawili watatu waliokuwa wa bluu mbele za watu na wa nyekundu wakiwa peke yao. Hao aliwamiminia akiwa amewapa mgongo, asione.

Chai hiyohiyo ina lingine. Majani hayajui Sabato. Yakifika siku zake yanataka kuchumwa, na mkulima anayepisha Jumamosi huona vikonyo vikikomaa huku kituo cha kupimia kikiwa wazi kwa wengine. Mahubiri ya kuitunza siku ya saba ni rahisi kwa mwenye mshahara. Mjane mwenye mashina 800 ya chai anasikiliza akipiga hesabu. Nakumbuka Jumapili moja alfajiri mama mdogo akinivuta kitandani, akanikabidhi kikapu, tukaenda na wanawake wengine wanne kuchuma shamba la mjane aliyepisha siku iliyotangulia. Baba mdogo alikuwa mazishini upande wa Borabu. Shukrani zilipotolewa kanisani, mjane alimshukuru mchungaji kwa kumkumbuka.

Hapa niingize habari ya bibi yangu, ingawa inanitoa njiani kidogo. Bibi hakujua Kiswahili. Siku moja alikuja mhubiri mgeni kutoka Pwani, Mswahili wa maneno mazuri, akaomba kwa dakika nyingi akimwita Mungu "Baba", "Ee Baba", "Baba yetu". Tukitoka nje bibi akaniuliza, kwa huruma ya kweli, mama yake yule kijana amefariki lini. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Baba tunamwita tata. Bibi alikuwa amesikia mwanamume mzima akimlilia mamake mbele ya watu 300, na akaona hakuna ubaya. Mama mdogo alipoambiwa alicheka hadi akaketi chini, na mpaka leo maombi ya Kiswahili yakianza hutazama dari.

Nirudi ndani ya nyumba, maana yako mambo yasiyochekesha.

Likizo ya Desemba ndiyo msimu wa kukeketa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika Kenya nzima mwanamke mmoja kati ya watano amekeketwa, lakini kwa Abagusii ilikuwa asilimia 84. Asilimia 84, katika eneo ambalo kila kilima kina kanisa na mengine yana mawili. Nani alikuwa akihubiri, na nani alikuwa hasikii? Jibu liko kwenye kizingiti kilekile. Uamuzi wa kumkata msichana ni wa jikoni, kwa bibi na mama, na ni katika mambo ambayo chinsoni imeyafunga midomo ya wanaume. Mchungaji akisimama mimbarini akasema "mila potofu", kila mtu anajua anachosema, na kila mtu anashukuru kwamba hakukitaja. Sheria ya kuharamisha ukeketaji ilipitishwa mwaka 2011, lakini tayari kisu kilikuwa kimeshahama kutoka kwa ngariba kwenda kwa watu wa afya, ambao huja usiku na glovu na sindano ya ganzi, hali ambayo Kisii imejulikana nayo vibaya.

Mama mdogo alianza kulisema jambo hilo katikati ya miaka ya themanini, kabla ya sheria yoyote. Hakusema kanisani. Alisema akisaidia kuchambua chinsaga, mboga ile chungu inayochukua nusu siku kuandaa, kwa sababu mtu anayechambua mboga hawezi kuondoka na hana haja ya kukutazama usoni. Wengine walimsikia. Wengine walimwambia yeye ni mwepesi kusema kwa kuwa alishakatwa na akapata mume. Kuna binti wa mzee wa kanisa mmoja aliyekuja kwake akakaa siku tatu akikataa kurudi nyumbani. Siku ya nne mamake akaja kumchukua akaahidi kwamba hataguswa, wakala pamoja, wakaomba pamoja. Aliguswa juma hilohilo. Nilipomuuliza mama mdogo alijisikiaje, alisema alirudi kwenye chinsaga. Sikupata zaidi ya hapo, na nadhani hapakuwa na zaidi.

Pia kuna usiku wa Mei 2008, baba mdogo na mama mdogo walipokuwa wamestaafu mwaka mmoja tu. Katika vijiji vya Kisii genge la vijana liliwateketeza watu 11, wengi wao wazee wa kike, kwa tuhuma za uchawi. Habari ilizunguka dunia. Majuma yaliyofuata ajuza wa Kisii na Nyamira waliogopa kulala majumbani mwao. Mmoja, jirani mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na ulimi mkali, alilala kwa mama mdogo mwezi mzima, katika chumba cha kuwekea mahindi. Baba mdogo alizunguka kwa vijana wa kijiji mchana, akiwaonya mmoja mmoja kwa jina. Usiku, mama mdogo aliweka kitanda chake mlangoni pa chumba kile. Nje na ndani tena. Huyo ajuza alikufa kwa uzee miaka miwili baadaye, na alikuwa mtu mgumu hadi mwisho.

Sisemi kwamba wachungaji walikuwa wavivu. Baba mdogo alitembea kwa miguu kutoka Kebirigo hadi kwenye mabonde ya Manga kwa viatu vilivyoshonwa mara nne, na magoti yake ya leo ni risiti ya kazi hiyo. Ninasema jambo dogo zaidi: cheti kilichotolewa kwa kazi ya wawili kilikuwa na nafasi ya jina moja.

Julai 2015, huko San Antonio, Marekani, wajumbe wa kanisa la Wasabato duniani walipiga kura 1,381 kwa 977 kukataa kila divisheni, yaani kanda ya kanisa, ijiamulie juu ya kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji. Baba mdogo alitufafanulia habari hiyo sebuleni kwa uangalifu, pande zote mbili, kama mtu anayegawa nyama. Mama mdogo alikuwa akipanga vikombe. Akauliza swali moja: mwanamke atakayewekewa mikono, nyumbani kwake atapikiwa wageni na nani? Hakuna aliyemjibu, na mimi nikiri kwamba niliona ni swali la kuchekesha. Siku hizi naona lilikuwa swali la utawala, ambalo kamati ingepaswa kulijibu kabla ya kuhesabu kura.

Mahali pengine hesabu imepinduka. Milima yetu sasa ndiyo inayotuma. Walutheri wa Uswidi walianza kazi Itierio, Kisii, mwaka 1948, na Februari 2005 Askofu Walter Obare wa Kanisa la Kilutheri la Kenya, kanisa lililotokana na mbegu hiyo, alikwenda Gothenburg, Uswidi, kumweka wakfu Arne Olsson kuwa askofu, jambo lililozua kelele nyingi kule. Na huko Minnesota, Marekani, ambako Abagusii wamejaa, Sabato inaimbwa kwa Ekegusii huku theluji ikianguka. Rafiki yangu anachunga kundi dogo huko. Kanisa halimlipi. Mkewe ni muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, na mshahara wake ndio unaolipia gari linalompeleka mchungaji kwa wagonjwa. Nilimuuliza kanisa linamwita nani mkewe. "Mama Mchungaji," akasema. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba kwa hesabu ya kodi yeye ndiye angepaswa kuitwa Baba Muuguzi.

Habari ya nyumba nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayoniuma. Mchungaji huishi miaka 35 katika nyumba za kanisa, na siku ya kustaafu anaambiwa aende kwake. Kwake wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 Nyamira na 1,266,860 Kisii, na yeyote aliyewahi kugawana shamba na ndugu zake huko anajua maana ya idadi hiyo katika nchi ndogo ya milima. Kwa Abagusii mtu huzikwa katika boma lake, na mke huzikwa kwa mumewe, kwa hiyo kutokuwa na nyumba ni kukosa hata mahali pa kufia. Nimewaona wachungaji wazuri wakistaafu wakapanga chumba sokoni, na watu waliobatizwa na wao wakiwapita.

Baba mdogo hakufikwa na hilo, na si kwa ujanja wake. Mama mdogo alipanda miche ya chai kwenye sehemu yao ya urithi mwaka wa tano wa ndoa. Kila mwisho wa mwezi, popote walipokuwa, alipanda matatu kwenda kuona wachumaji na kugombana na shemeji zake kuhusu mpaka. Bonasi ya Oktoba hakuinunulia nguo. Ilinunua mawe, mwaka uliofuata mchanga, mwaka uliofuata mabati. Ujenzi ulichukua miaka minane. Mumewe alishtuka, anasema mwenyewe, alipoona siku moja kwamba nyumba ina madirisha. Siku ya kuwaaga, kanisa lilimpa baba mdogo cheti chenye fremu na mkewe akapewa leso na sufuria. Cheti kikatundikwa kwenye ukuta aliojenga mkewe.

Mwaka jana, barua zikiwa bado mezani, nilimuuliza mama mdogo kama yeye aliwahi kuitwa. Nilitumia neno la kanisa, wito.

"Aliitwa yeye," alisema. "Mimi niliolewa."

Nikadhani amemaliza. Akaanza kuzirudisha barua sandukuni, kubwa chini, ndogo juu, na alipofika ya tatu akaishika. Akasimulia kwamba katika mtaa uliotajwa humo mwanamke mmoja alibisha usiku akiwa amevunjwa mkono. Aliyefungua mlango alikuwa mchungaji mwenyewe. Mwanamke alipomwona alirudi nyuma akasema amekosea nyumba, akageuka akaenda. "Nikatoka bila viatu nikamfuata gizani," mama mdogo akasema. "Alikuwa ameshafika kwenye mti wa mparachichi. Akasema, ni wewe ninayekutafuta." Akaiweka barua hiyo juu ya nyingine, akafunga sanduku.

Agosti itakapofika makambi yatajaa tena, Nyanchwa na kote. Mahema yatasimama, mhubiri mgeni atapanda jukwaani, na katibu atashika kipaza sauti kumkaribisha "Mchungaji fulani, pamoja na mkewe". Ewe katibu, nakuomba: kabla ya kupanda, nenda nyuma kwenye mahema ya wapishi, au popote utakapomkuta, umuulize mama huyo jina lake. Liandike kwenye karatasi yako. Ulisome lote.